Saa ya Butembo na saa ya Kinshasa: nani anamngojesha nani?

Tulikuwa na kikao cha familia juu ya mahari ya binti wetu. Mtoto wa ndugu yetu anakaa Kinshasa tangu miaka mingi, na ni yeye aliyepashwa kusema kwa simu kwa niaba ya upande wa baba yake, maana baba yake hayuko tena. Tukamwandikia: «Kikao ni siku ya posho, saa tatu.» Hakuna kingine. Nani katika Butembo asiyejua saa tatu ni nini?

Siku ile wazee wakafika, wengine kutoka Musienene, wengine kutoka Beni na makoti yao mkononi, wakasema baridi ya Butembo haijawahi kuwasamehe. Saa tatu ikapita. Tukaita simu, hakuna jibu. Saa nne, saa tano. Chai ikaisha, maneno ya kuongea yakaisha. Saa sita baba mkubwa akasimama, akachukua kofia yake na kusema: «Munaona batu ya Kinshasa? Bale banalala tu. Siye huku tunaamuka na jogoo.» Wote wakacheka na kurudi kwao. Saa kumi ya jioni simu ikalia: «Baba, niko tayari, tuanze.» Kijana alikuwa amevaa suti. Hakuchelewa hata dakika moja. Aliposoma «saa tatu» alisikia katika kichwa chake trois heures ya mchana, saa ya kule kwake.

Wapenzi wasomaji, hesabuni pamoja nasi. Saa tatu ya asubuhi ya Butembo mpaka saa kumi ya jioni ni saa saba. Katika hizo saba, saa moja tu inatoka kwa jua na kwa ramani ya inchi. Saa sita zilizobaki zinatoka kwa lugha, kwa namna ya kuhesabu. Uvivu hauna hata dakika katika hesabu hiyo. Lakini ni uvivu peke yake ulioandikwa katika vichwa vya wazee siku ile, na tunaamini mpaka leo haujafutwa.

Tunaandika haya kwa kupinga kitu ambacho kimekuwa sawa wimbo katika mikutano yetu ya utamaduni, na tusifiche, hata katika vitabu vidogo kama hiki. Wimbo unasema: Munande ni mtu wa kazi, anaheshimu saa, Mukinois ni mtu wa starehe, saa haijui. Watoto wetu wa shule wanacheza mchezo huo siku ya sikukuu: mmoja anavaa miwani myeusi, anasema Lingala, anafika wakati kazi imekwisha, na watu wote wanapiga makofi. Sisi tunaofundisha tumeruhusu mchezo huo mara nyingi. Tulicheka pia. Sasa tunasema umetosha.

Tuanze na jua, maana jua halina kabila.

Dunia inazunguka digrii 360 katika saa 24. Ni kusema digrii 15 kwa saa moja. Kinshasa iko karibu na digrii 15 mashariki, Butembo iko digrii 29 na kitu. Kati ya miji hii miwili kuko kama kilometa 1600 kwa njia ya ndege, na jua linachukua karibu dakika 56 kuvuka nafasi hiyo. Ndiyo maana inchi yetu ina saa mbili tangu enzi ya Wabelgiji: ile ya magharibi, yenye kufuata mstari wa digrii 15, na ile ya mashariki, yenye kufuata mstari wa digrii 30. Kasai, Katanga, Maniema, Kivu, Ituri, Kisangani, wote wako katika saa ya mashariki. Mpango huo si mbaya. Inchi nyingi zenye nguvu kuliko yetu hazina mpango wenye kufuata jua vizuri namna hii. Huko China wamefunga inchi nzima, kubwa kuliko Kongo mara nne, katika saa moja tu ya Beijing, na watu wa magharibi yake wanaona jua likitoka wakati saa ya ukuta inaonyesha katikati ya asubuhi.

Kwa hiyo wakati jogoo anaamusha Butembo, Kinshasa bado ni usiku. Ni kweli kabisa kwamba tunaamuka mbele yao. Lakini ni dunia inayotuamusha, siyo tabia njema. Mtu anayejisifu kwamba anaona jua mbele ya Mukinois ni sawa mtu wa mlimani anayejisifu kwamba nyumba yake inapata mvua ya kwanza. Na kama tunataka kufuata hoja hiyo mpaka mwisho, basi twende Kasindi.

Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kama kilometa 80. Unavuka mpaka, uko Mpondwe, Uganda, na saa yako imekwisha kuwa ya uongo: inafaa uongeze saa moja. Upande ule kuko Bakonzo, ndugu zetu, lugha yao na Kinande zinasikilizana bila mkalimani. Ruwenzori ni mlima mmoja. Jua linatoka kwa Mukonzo wa Kasese na kwa Munande wa Butembo karibu dakika ileile, lakini saa ya ukuta ya Kasese inaonyesha kama saa moja, na ya kwetu inaonyesha kama saa kumi na mbili. Je, Mukonzo ni mvivu juu jua linamkuta saa moja? Ao ni mchapakazi kuliko sisi juu saa yake iko mbele? Mwenye kujibu ndiyo kwa swali moja atakubali ujinga wa lingine. Wenye maduka wanaopita pale kila juma wanajua kwamba shida ya kweli ya mpaka ule ni nyingine: kama ofisi mbili zinafunga kwa saa ileile iliyoandikwa ukutani, ile ya Uganda imekwisha kufunga saa nzima mbele ya yetu, na kamiyo inalala njiani. Hiyo ndiyo tofauti ya saa yenye kula pesa. Juu ya tabia haisemi neno.

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana tumefika kwenye kitu ambacho tunakipenda.

Mstari wa digrii 30, ule unaotoa saa yetu, unapita karibu na Kasese, nyuma kidogo ya vilele vya Ruwenzori ukiangalia kutoka kwetu. Ni kichekesho cha historia: Kasese imekaa juu ya mstari na haiufuati, inafuata saa ya Afrika Mashariki iliyopimwa kwa mstari wa digrii 45, mbali sana, karibu na pembe ya Somalia. Sisi tulio hatua chache magharibi ya mstari ndio tunaoufuata. Tena tuko karibu kabisa na ikweta. Matokeo yake ni haya: katika Butembo, mwaka mzima, jua linatoka karibu na saa kumi na mbili ya asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili ya jioni, na mabadiliko hayapiti sana robo saa mbele ao nyuma. Saa sita ya mchana jua liko juu ya kichwa kweli.

Sasa fikirini hesabu ya saa ya Kiswahili. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, mbili ni ya pili, mpaka kumi na mbili giza linapoingia. Hesabu hiyo ilizaliwa pwani, kule Waswahili wanaposwali na kusafiri kwa jahazi, ikapanda na misafara mpaka kwetu. Lakini leo kule Mombasa na Zanzibar, juu ya ile saa ya digrii 45, jua linachelewa dakika kumi na tano, ishirini, hata zaidi kufuata miezi. Kampala linachelewa karibu dakika arubaini na tano. Butembo na Beni halichelewi. Ukisema «saa moja» katika Butembo, jua limekwisha kutembea saa moja, hesabu kamili. Watu wa pwani ndio wenye lugha, tunakubali, na wakija watatucheka juu ya sarufi yetu. Lakini saa yao ya Kiswahili inatimia kwetu kuliko kwao. Hatujaona mtu akiliandika jambo hili katika kitabu chochote cha utamaduni wa hapa, na ni jambo la kujisifia zaidi kuliko usingizi wa Wakinois.

Tunalifanyia nini? Tunaliharibu. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari: ni saa ngapi? Anaangalia simu, anaona 10:00, anajibu «saa kumi». Mama yake anayeuza nyanya akisikia saa kumi anajua inafaa kukunja bidhaa na kurudi nyumbani kupika. Mtoto na mama wanakaa nyumba moja na wanaishi katika saa mbili zenye kutofautiana kwa saa sita, kuliko Kinshasa na Butembo mara sita. Nani alimfundisha? Sisi walimu. Kengele ya shule tunaipiga kwa Kifaransa, ratiba tunaiandika kwa Kifaransa, halafu tunapotangaza kwa Kiswahili tunatafsiri tarakimu badala ya kutafsiri saa. Mwaliko wa ndoa unaandikwa «saa nane asubuhi». Saa nane asubuhi ni wakati gani huo? Ni katika giza kabisa, hata wezi wamechoka. Na kuko mwenzetu mmoja aliyesimama katika mkutano kupendekeza tuache kabisa saa ya Kiswahili, eti ndiyo inayoleta kuchelewa. Tulimsikiliza kwa heshima, juu anatuzidi umri. Lakini mfano wa mahari unaonyesha kinyume: kijana alipotea kwa sababu alisahau saa ya nyumbani.

Wazee wetu, mbele ya saa ya mkono, walikuwa na salamu. Asubuhi unasema wabukire, inayosema juu ya kuamuka. Mchana ukisonga unasema wasibire, inayosema juu ya kushinda. Mtoto aliyekosea akasema wabukire wakati jua limepinduka alichekwa, maana salamu yake ilionyesha ametoka kitandani sasa hivi. Hiyo ilikuwa saa ya ukuta, na kila mtu aliibeba mdomoni. Leo tunasalimiana «bonjour» mpaka saa tisa na hakuna anayecheka.

Turudi kwa Kinshasa. Wanaotusemea kwamba Mukinois haheshimu wakati wanapenda kuleta ushahidi wa lugha: Lingala, wanasema, haina hata neno la kutenganisha jana na kesho, yote ni lobi. Tumesikia ushahidi huo ukitolewa na watu waliosoma, na ndiyo unaotuuma zaidi. Ni kweli lobi ni jana na lobi ni kesho. Lakini Mukinois akisema nakendeki lobi, alikwenda jana. Akisema nakokende lobi, atakwenda kesho. Kitenzi kimebeba kazi. Kihindi pia kina neno moja la jana na kesho, na Wahindi ndio waliokuwa na maduka katika miji mingi ya Afrika Mashariki, wakifungua mapema na kufunga usiku. Mwalimu wa lugha anayetoa hukumu ya tabia kutoka neno moja anastahili kurudi kukaa kwenye benchi.

Na wenye kutoa hukumu hawajaona Kinshasa asubuhi. Wameona Kinshasa ya televisheni: muziki, bia, nguo. Sisi tulikaa kule wakati fulani. Mtu wa Masina, wa Kimbanseke, wa Ndjili, mwenye kazi mjini Gombe, anatoka nyumbani giza bado. Anatembea kwa mguu mpaka barabara ya Lumumba, anapigania nafasi katika gari, anakaa katika msongamano ambao Butembo haiwezi hata kuuota. Mama mwenye kuuza mkate anapanga mstari mbele ya tanuru usiku, juu mkate ule inafaa uwe juu ya kichwa chake wakati wanafunzi wanapita. Jioni safari ileile kinyume. Akifika kazini na nusu saa ya kuchelewa, tayari amefanya kazi saa tatu ambazo hakuna anayemlipa. Halafu kule joto ni kali, mtu anapumua vizuri tu usiku ukiingia. Ndiyo maana viti viko nje na watu wanaongea mpaka usiku mkubwa. Butembo iko zaidi ya meta 1700 juu, usiku ni baridi na ukungu, kila mtu anatafuta blanketi. Tunaita blanketi letu «nidhamu».

Je, tunasema sifa ya Butembo ni ya uongo? Hapana. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo tunaijua kwa majina. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kutoka 1966 mpaka 1997, alihimiza watu kutengeneza barabara kwa mikono yao wakati serikali ilikuwa imesahau hata kama barabara ziko. Wafanyabiashara walichanga pesa kwa ajili ya barabara na umeme. Mji huu haukujengwa na reli. Ulijengwa na watu walioanza na maharagwe, mboga na kahawa, wakafika Dubai na Guangzhou kununua nguo, vyuma vya moto na simu. (Na hapa kuko jambo la kuchekesha: saa ya China iko saa sita mbele ya yetu. Kwa hiyo mwenye duka wa Butembo anaposema «saa tatu ya asubuhi», saa ya ukuta ya Guangzhou inaonyesha tatu kabisa, tatu ya mchana. Mzee asiyejua Kifaransa anajua saa ya Guangzhou bila kuhesabu. Saa ya Kiswahili, ile wanayotaka tuiache, inamsaidia kufanya biashara.)

Lakini nusu nyingine ya sifa ni uongo. Mwenye magazini anafungua saa mbili kamili, hilo tunalikubali na kulisifu. Mtu huyohuyo umwite kwenye mkutano wa wazazi saa mbili, anafika saa nne, na akifika anataka kiti cha mbele. Ndoa iliyoandikwa saa tano inaanza saa saba. Kilio kinangoja wakubwa. Mkutano wetu wenyewe wa utamaduni, huu unaotoa kitabu hiki, haujaanza hata mara moja kwa saa iliyotangazwa, na kila mara tunatumia zile dakika arubaini za kungoja kusema vibaya Wakinois. Tunaheshimu saa ya pesa yetu. Saa ya mwenzetu tunaila.

Na Beni? Wanapoimba «sisi watu wa kuamuka na jogoo», wanaiweka Beni katika wimbo sawa vile ni mtaa wa Butembo, juu kati yetu ni kilometa 54 tu. Beni haiko Butembo. Iko chini, joto, udongo wa kakao na kahawa, mtu wa Beni anaongea polepole na kucheka haraka. Kazi yake iko shambani, na shamba liko mbali na nyumba. Zamani alitoka saa kumi na moja, kabla ya jua, ili apate kivuli cha kurudi. Tangu tarehe 2 mwezi wa 10, 2014, mauaji yalipoanza, saa hiyo ilikufa. Mtu wa Mbau, wa Oicha, wa Rwangoma hatoki tena na jogoo. Anangoja kusikia kwanza usiku umelalaje, nani amepiga simu, njia iko namna gani. Rwangoma yenyewe, katika mji wa Beni, iliingiliwa jioni ya tarehe 13 mwezi wa 8, 2016, wakati watu wanatoka mashambani. Mara nyingi viongozi walitangaza amri ya kutotembea usiku, na tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021 jimbo lote liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Wengi wameacha kakao ikiiva na kuibwa, wakaja kukaa Butembo katika chumba kimoja na watoto sita. Asubuhi wanakaa mlangoni, hawana pa kwenda. Halafu jirani anapita na kusema: hawa wa Beni wamezoea kulala. Tumesikia neno hilo kwa masikio yetu, Butembo, kutoka mdomo wa mtu anayeabudu kila siku ya mungu. Aliyezoea kuwacheka wa Kinshasa hakuona shida kuongeza wa Beni.

Kuko saa moja ya Kinshasa ambayo tunaishitaki, na tusipoitenganisha na watu wa Masina tutakuwa tumeandika bure. Ni saa ya ofisi.

Tarehe 26 mwezi wa 12, 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura pamoja na inchi. Kwetu sababu zilizotolewa zilikuwa ugonjwa wa Ebola na usalama. Ebola ilikuwa kweli: ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, ikaisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, na ilichukua watu 2287. Hatuichezei, tulizika. Lakini masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa, shule zilisoma. Kura peke yake ndiyo iliyoambukiza. Wachaguzi zaidi ya milioni moja waliambiwa wangoje mwezi wa 3. Tarehe 30 mwezi wa 12 watu wa Beni wakapanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe kwenye karatasi zao wenyewe, wakijua haitahesabiwa. Tarehe 24 mwezi wa 1, 2019 rais akaapishwa. Tarehe 31 mwezi wa 3 wakatuita kuchagua wabunge.

Saa moja ya tofauti, ile ya jua, ikawa miezi mitatu. Na angalieni nani alifika mapema siku ile ya Beni, nani alikuwa kwenye mstari asubuhi, nani alichelewa. Lakini mama wa mkate wa Masina hakutia sahihi kwenye tangazo lile. Yeye pia anaingoja ofisi ileile, kwa maji, kwa umeme, kwa barabara, miaka mingi kuliko miezi yetu mitatu. Tukimcheka yeye tunaipa ofisi pahali pa kujificha: badala ya kusema nani aliamua na kwa haki gani, tunasema «ndivyo walivyo watu wa Kinshasa», na mtu aliyeamua anapita katikati ya kicheko chetu bila kuguswa.

Tuko na maombi machache kwa ushirika wetu, na tunaomba yaandikwe katika ripoti. Ule mchezo wa Mukinois mwenye miwani uondolewe katika sikukuu za shule. Kama watoto wanataka kucheza mtu anayechelewa, wacheze mkutano wa wazazi wao. Mialiko yote ya Kiswahili iandikwe kwa saa ya Kiswahili, na wenye kutaka tarakimu za Kifaransa waziweke pembeni. Na ndugu wa redio za hapa: munasema «saa mbili Kinshasa, saa tatu Lubumbashi» mnapotangaza wakati. Lubumbashi iko kilometa 1300 kusini, na iko mbali na mstari wa digrii 30 kuliko sisi. Semeni saa ya Butembo. Beni wakisema saa ya Beni hatutagombana, jua lao na letu vinaachana chini ya dakika moja.

Kikao cha mahari kilirudiwa juma la pili. Safari hii tuliandika: «Siku ya posho, saa tatu ya asubuhi ya Butembo, ni kusema saa mbili ya asubuhi ya Kinshasa, huit heures.» Usiku mvua ilinyesha, barabara ya Musienene ikawa matope. Saa tatu kasoro dakika tano simu ikalia. Kijana alikuwa tayari, na nyuma ya sauti yake tulisikia magari ya Kinshasa yakipiga honi. Sisi katika sebule tulikuwa watu wanne. Baba mkubwa alifika saa nne na dakika ishirini, akauliza kama yule wa Kinshasa ameamuka.